Kusikiliza notsi badala ya kusoma: simu inasoma Kizungu, kwengine kimya

Mkoani_Chuo: Assalaam alaykum. Nna notsi za PDF za Kiswahili, kurasa 80. Nataka nizisikilize kwenye boti ya Mkoani–Unguja, mtandao ukikatika. Simu ni Android, RAM GB 2. Kurasa nyengine inazisoma kama Mzungu, nyengine kimya kabisa. Nifanyeje?

FundiDarajani: Waalaykum salaam. Hizo shida mbili, kila moja na dawa yake.

Kimya: kurasa hizo zimeskaniwa, ni picha tu. Bonyeza neno kwa kidole ushikilie. Lisipochagulika, hamna maandishi hapo. Kwenye kompyuta, ipandishe Google Drive, bonyeza kulia, ifungue kwa Google Docs, itakutolea maandishi. Kurasa ziwe wima, na faili lisizidi MB 2, kwa hivyo zikate kumi kumi. Halafu pitia kwa macho: "l" hugeuka 1, na "ng'ombe" hupoteza kile kialama chake cha juu (') ikawa "ngombe". Kazi hii inachosha, lakini ukiiruka utasikiliza upuuzi.

Kizungu: sauti iliyochaguliwa ni ya Kiingereza. Ingia Mipangilio, Ufikivu, sehemu ya kusoma maandishi kwa sauti. Injini, yaani programu inayosoma, iwe ya Google, lugha Kiswahili, upakue sauti yenyewe. Kisha zima data na ucheze mfano. Ikisema, hata katikati ya mkondo itasema.

BiKiembe: Kabla ya kusikiliza futa vichwa vya kurasa na namba zake. Usipofuta, sentensi inakatwa katikati na "sura ya tatu, arobaini na mbili". Maneno yaliyokatwa kwa kistari mwisho wa mstari yaunganishe, na "n.k." ibadilishe iwe "na kadhalika", tafuta-na-badilisha inamaliza mara moja. Majedwali yasome kwa macho, mwanangu, hayasikilizeki. Kasi anza 1.0, ukizoea panda kidogo kidogo.

Mkoani_Chuo: Ahsante bi. Na aya za Qur'ani za Kiarabu zilizomo ndani?

FundiDarajani: Sauti ya Kiswahili usiitegemee kwa herufi za Kiarabu. Zitoe, uandike jina la sura na namba ya aya, tafsiri ibaki. Kisomo chenyewe kisikilize kwa kari, msomaji wa Qur'ani. Mashine haina tajwidi, zile kanuni za kisomo.

Shamba_Chake: Ukiwa na laptop, ifungue PDF kwa kivinjari cha Edge ubonyeze Ctrl+Shift+U. Kuna Rehema na Daudi, sauti za Kiswahili cha Tanzania, laini kuliko ya simu. Lakini zinataka intaneti, ni za nyumbani hizo.

Kwa safari tumia programu ya simu ya @Voice Aloud Reader. Inaweza kurikodi maandishi yakawa faili la sauti, ukalicheza kama kaswida yoyote. Ukitaka isome moja kwa moja, itoe kwanza kwenye mpango wa kubana betri. Simu ya GB 2 huiua programu kioo kikizimika, nawe ukadhani sauti ndiyo mbovu.