Sakafu ya niru inatoa vumbi na kubanduka, fundi anataka tuvunje yote tuweke vigae. Naombeni ushauri

MamaTunu_Kgm
Habari zenu wakuu. Niko Kigoma mjini, Mwanga. Nyumba yetu tuliijenga kidogo kidogo, sakafu tukapiga niru (ule uji wa saruji unaolainishwa juu mpaka ung'ae) mwaka 2021 ndipo tukahamia. Mwaka wa kwanza iling'aa mpaka wageni wakawa wanavua viatu bila kuambiwa. Sasa nafagia asubuhi, mchana vumbi la kijivu limerudi. Ukipitisha kidole kinatoka cheupe. Mlango wa jikoni niru imebanduka kama ganda la yai, na sebuleni pamechimbika michirizi pale viti vinapovutwa. Nadeki kila siku kwa sabuni ya unga ya kutosha na ndoo mbili za maji, wala haisaidii.

Fundi aliyekuja juzi kaangalia dakika tano, akasema dawa ni kuvunja yote tuweke vigae. Hela aliyotaja ni ada ya watoto wangu wawili. Maji ya kujengea sakafu hii niliyabeba kichwani mwenyewe, roho inaniuma kuivunja. Je, inaokoleka? Halafu jikoni kuna doa la mawese limegoma kabisa.

FundiGungu
Pole sana dada. Usivunje kabla hujaigonga. Chukua sarafu ya mia mbili, gonga chumba kizima, kila baada ya hatua moja. Pakilia kwa uzito, pameshika. Pakilia kama debe tupu, hapo tabaka la juu limeachana na zege la chini. Zungushia chaki. Kama ni vipande viwili vitatu, unakata hivyo tu. Fundi aliyeitazama kwa macho bila kugonga hajui kilichopo chini, na vigae ukivipanga juu ya sehemu iliyoachia vitang'oka nayo.

Hilo vumbi mara nyingi chanzo chake ni siku ya kumwaga. Ama mchanganyiko ulikuwa na maji mengi, ama fundi alinyunyiza saruji kavu wakati maji bado yamesimama juu akaanza kulainisha kwa mwiko, ama haikumwagiliwa. Sakafu inataka unyevu siku 7 angalau, na nguvu zake huwa tunazihesabu kwa siku 28. Nyie mlimwagilia siku ngapi?

MamaTunu_Kgm
Siku mbili tu kaka. Ilikuwa Agosti, bomba likakata, maji tuliyokuwa nayo tukaona tupikie. Hakuna aliyetuambia kwamba ni kosa.

FundiGungu
Basi jibu ndilo hilo. Jua la Agosti na upepo wa ziwani hukausha uso kabla saruji haijamaliza kushika. Usijilaumu, wa kukwambia alikuwa fundi.

Mzawa_Kibirizi
Mimi nilishachoka na niru, nikaweka vigae nyumba nzima. Kudeki rahisi na nyumba inapendeza. Ila nikushauri jambo moja kabla hujatoa hela: pima unyevu. Kwangu vigae vya chumba cha nyuma vilianza kuinuka na kutoa unga mweupe kwenye viungo, kumbe chini ya jamvi, yaani zege la sakafu, hatukuweka nailoni. Maji ya ardhini yanapanda na chumvi yake. Kata kipande cha nailoni, futi moja na nusu kila upande, kibandike sakafuni kwa selotepu kingo zote, kiache mpaka kesho yake. Ukikuta matone kwa ndani au sakafu imekuwa nyeusi hapo, unyevu unatoka chini, na hapo hata vigae havitakusaidia.

Bibi_Isevya
Mwanangu, nakuandikia kutoka Tabora. Huku kwetu ni mchanga mtupu na sakafu yangu nyekundu ya oksaidi (rangi ya unga inayochanganywa na saruji) nimeikuta kwa mama mkwe, leo inang'aa kuliko vigae vya majirani. Kinachoila sakafu ni mchanga unaoingia na viatu. Punje ya mchanga ni ngumu kuliko saruji, ukiikanyaga unakuwa umepiga msasa. Kwa hiyo mimi nina gunia kavu nje ya mlango, na kizulia kingine ndani. Nafagia kwa fagio laini asubuhi na jioni, la chelewa linabaki uani. Kudeki ni mara mbili kwa wiki, dekio limekamuliwa kweli kweli. Ukideki juu ya mchanga unausugulia sakafuni.

Miguu ya viti nimeivalisha vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Havionekani, na michirizi imekwisha.

Na kila baada ya miezi mitatu napaka nta. Sisi nta ya nyuki tunayo. Unaiyeyusha, unachanganya na mafuta ya taa, unapaka kwa kitambaa, ukiacha ikauke kidogo unasugua kwa brashi mpaka uone sura yako.

FundiGungu
Shikamoo bibi. Hiyo ya nta naiunga mkono, lakini naomba niongeze tahadhari kwa anayesoma. Nta usiiweke moja kwa moja juu ya moto, iyeyushe kwenye kibati ndani ya sufuria ya maji moto. Kisha toka nayo nje, mbali na jiko lolote, ndipo utie tapentaini au hayo mafuta ya taa. Mvuke wake unashika moto haraka. Na paka nyembamba, ikizidi mtoto atateleza.

Bibi_Isevya
Marahaba mwanangu. Kweli kabisa, mimi huchanganyia uani.

Mwl_Ujiji
Nafundisha kemia, niseme la sabuni. Sabuni ya unga nyingi isiyosuuzwa inabaki kama utando, nao unashika vumbi. Tumia kidogo, suuza kwa maji safi, kausha. Ndimu, siki na ile asidi ya kuoshea choo zisiguse niru hata mara moja, asidi inakula chokaa iliyomo kwenye saruji.

Kwa vumbi kuna sodiamu siliketi. Hapa Kigoma waulize watengeneza sabuni za mche, wengi huichanganya kwenye sabuni za mawese. Inaungana na chokaa iliyobaki ndani ya sakafu na kuwa kitu kigumu kinachoziba vitundu. Izimue kwa maji, paka kwa brashi juu ya sakafu safi, kavu, isiyo na nta. Kesho yake suuza, rudia mara mbili au tatu. Vaa glavu na linda macho. Niru iliyobanduka haitairudisha, hiyo lazima ikatwe.

Doa la mawese: magadi na maji ya moto, sugua, kisha funika kwa majivu yaliyochekechwa usiku kucha yanyonye. Rudia. La zamani litafifia tu, halitaisha lote.

MamaTunu_Kgm
Nimegonga leo na wanangu, kila mmoja na sarafu yake. Panapolia debe ni mlango wa jikoni na kona moja ya varanda. Kwingine kote pamelia vizuri! Nailoni niliibandika jana, asubuhi ilikuwa kavu. Shikamoo bibi, magunia nimeshapata mawili. Kaka fundi, hivyo vipande vinakatwaje?

FundiGungu
Hongera dada. Kata kwa tindo, kingo ziwe wima, mpaka ufikie palipo pagumu. Fagia vumbi lote, lowesha usiku, asubuhi maji yasisimame. Paka uji mzito wa saruji kwa brashi, na kabla haujakauka weka mchanganyiko wa saruji ndoo 1 kwa mchanga ndoo 3. Uwe mkavu kiasi: ukifinya mkononi unashikana bila kudondosha maji. Mchanga ujaribu kwanza kwenye chupa ya maji, tikisa, uache utulie. Tope likiwa nene juu yake, tafuta mchanga mwingine. Niru piga wakati kidole kinaacha alama ndogo tu.

Jaza madumu kabla ya kuanza, bomba lisikukamate tena. Gunia moja lifunike kiraka na libaki limelowa siku 7, wapitie mlango wa mbele. Nta usiiguse hadi mwezi upite.

MamaTunu_Kgm
Madumu sita yamejaa. Tunakata Jumamosi.