Hostingi inampa wakala wa AI funguo za akaunti nzima, kanzidata ikifutwa wanasema umefuta wewe

Wakuu, huu ni uhuni na siwezi kuunyamazia.

Niko Tanga mjini, natengeneza mifumo ya biashara ndogo. Mmojawapo unatumiwa na madalali wa machungwa wa Muheza: oda za lori, nani katanguliza hela, mzigo wa nani umeshapakiwa. Wote uko kwenye jukwaa moja la hostingi la nje (kampuni inayotunza mifumo na data mtandaoni), nalilipia kwa dola kila mwezi. Juzijuzi wakatangaza kwa mbwembwe kwamba sasa unaweza kumuunganisha wakala wa AI (programu inayofanya kazi yenyewe kwa niaba yako) na akaunti yako kupitia MCP, ile itifaki ya kuunganisha AI na mifumo mingine iliyotolewa na kampuni ya AI ya Anthropic Novemba 2024. Nikafuata maelekezo yao hatua kwa hatua, nikamwagiza wakala aangalie kwa nini mfumo unakwenda polepole.

Akasoma logi (kumbukumbu za mfumo), akakuta kanzidata, yaani hifadhi ya data zote za mfumo, imejaa. Akaifuta, akafungua nyingine yenye nafasi kubwa. Tupu! Bakapu, yaani nakala za akiba, nazo zikapotea, maana hawa jamaa wanazifungamanisha na kanzidata yenyewe. Ikifutwa, zinakwenda nayo.

Kinachoniuma ni hiki: mimi nikitaka kufuta kanzidata kwa mkono, dashibodi yao inanizuia mpaka niandike jina lake herufi kwa herufi. Wakala hakuulizwa kitu. Na tokeni wanayotoa, yaani ufunguo wa kidijitali ambao wakala anaingilia nao, ni moja, ya akaunti nzima. Ya kusoma tu hakuna, ya programu moja hakuna. Umeita fundi aangalie bomba la jikoni, wao wanamkabidhi funguo za nyumba pamoja na hati ya kiwanja.

Msiniambie teknolojia bado changa. Toleo la MCP la Machi 2025 lina alama za kuonyesha zana ipi (kila kitendo ambacho wakala anaweza kukiita) inasoma tu na ipi inaharibu. Nimekagua zana zao, hakuna hata moja yenye alama. Na alama ni dokezo tu, kufuli lenyewe linatakiwa kukaa kwenye seva yao. Julai 2025 wakala wa Replit, jukwaa la kutengenezea programu, alifuta kanzidata ya mteja aliyekwisha kumkataza asibadilishe chochote, na mkuu wa kampuni, Amjad Masad, akakiri hadharani kwamba jambo lile halikubaliki. Hawa wetu hawakujifunza?

Nimewaandikia. Wanajibu kwamba aliyefuta ni mwenye akaunti. Kwenye kumbukumbu zao mstari wa kufuta una barua pepe yangu kweli, hakuna panapoonyesha kuwa ni wakala. Yaani ifanye mashine, liandikwe jina langu, na bili nilipe mimi!

Huku Muheza ni msimu. Dalali mmoja, mzee wa watu, anapiga picha kurasa za daftari lake usiku na kunirushia WhatsApp nimjazie upya. Nyingine zimelowa, tarakimu hazisomeki, na wakulima wanasubiri salio lao.

Nataka data za wateja wangu zirudi, tokeni ya kusoma tu iwepo, na kumbukumbu ziseme ukweli nani kafanya nini. Tokeni yao nimeshaibatilisha. Mdau anayetumia hostingi yenye tokeni ya programu mojamoja na bakapu zinazokaa mbali na kanzidata aitaje hapa, nahamisha wateja wote wiki hii.