The Breeders SI kikundi cha pembeni cha Pixies, na Kelley Deal SI "yule pacha teja". Nimechoka!

Wakuu, salaam.

Hasira hii ninayo tangu Jumamosi usiku, leo naitoa. Kuna kipindi cha roki kwenye redio moja hapa Dar, siitaji, nimekisikiliza kwa miaka. Jumamosi mtangazaji akapiga "Cannonball". Nikaongeza sauti, nikamwita mke wangu aje asikie. Ngoma hazijaingia hata, jamaa kaanza kuongea: hawa ni The Breeders, kikundi cha pembeni cha yule dada wa Pixies (bendi ya roki ya Marekani; dada ni Kim Deal, aliyekuwa mpiga besi wao), wana wimbo wao mmoja mkubwa wakaishia hapo, pacha wake akawa teja. Anamaliza porojo, wimbo umefika katikati, yakaingia matangazo ya biashara. Nilituma ujumbe mara tatu. Haukusomwa hata mmoja.

Na si yeye peke yake. Humu humu jukwaani nimeshasoma maneno hayo hayo zaidi ya mara moja, ndiyo maana naleta uzi badala ya kugombana na redio.

Naanza na mwanzo wa wimbo, kwa sababu ndio ulioniuma zaidi. Besi ya Josephine Wiggs inaingia peke yake, na noti moja imekosewa. Unaisikia kabisa kwamba haijakaa sawa. Wenzake wanapoingia noti inarudi mahali pake na wimbo mzima unafunguka kama mlango uliokuwa umekwama. Lile kosa waliliona, wakaliacha makusudi. Mtu anayeongea juu ya sekunde zile amewanyima wasikilizaji kitu ambacho hakirudi tena baadaye kwenye wimbo.

Sasa hilo la "kikundi cha pembeni". Kim na Kelley Deal ni pacha wa kufanana, wamezaliwa Dayton, Ohio, tarehe 10 Juni 1961. Walipokuwa wasichana tu walikuwa wakiimba pamoja kwa jina la The Breeders. Jina hilo hilo! Pixies imeanzishwa Boston mwaka 1986, Kim akaingia kwa kujibu tangazo la gazetini la kutafuta mpiga besi, na yeye besi hakuwa hata anaijua. Aliyoanza nayo aliiazima kwa Kelley. Hebu niambieni, jina la dada wawili limekuwepo kabla ya Pixies, gitaa limetoka kwa dada, halafu tuite huo mradi wa pembeni? Pembeni ya nini?

Niseme kwa nini jambo hili linanigusa hivi. Mimi ni Doto. Kulwa wangu alikuwa fundi wa mpira mtaani kwetu, na mpaka leo, nina watoto watatu na kazi yangu, bado kuna watu wananisalimia "ndugu yake fulani". Nampenda ndugu yangu kuliko maelezo. Lakini mliozaliwa peke yenu hamjui inavyokuwa unapoelezwa maisha yako yote kwa kupitia mtu mwingine. Kelley ameelezwa hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Kwanza anaelezwa kupitia Kim, halafu Kim naye anaelezwa kupitia Black Francis, mwimbaji kiongozi wa Pixies.

Mtazameni Kelley mwenyewe. Pixies walipokosa mpiga ngoma, Kim alimleta Boston ajaribiwe. Alijaribiwa, hakujiamini kwenye ngoma, akarudi kwao. Mwaka 1990 Kim na Tanya Donelly wa bendi ya Throwing Muses wakarekodi albamu ya kwanza ya The Breeders, Pod, huko Edinburgh, fundi wa kurekodi akiwa Steve Albini. Kelley hayumo, alikuwa na kazi ya kuajiriwa na ruhusa hakupata. (Pod hiyo Kurt Cobain aliitaja waziwazi miongoni mwa albamu alizozipenda kuliko zote, na Nirvana wakaichukua The Breeders kuwatangulia jukwaani Ulaya mwaka 1992.) Ndipo Kelley akaacha kazi na kuingia kama mpiga gitaa. Gitaa alikuwa hajui kupiga! Mwanamke wa miaka 31 anajifunza chombo huku bendi inasafiri, na mwaka unaofuata, Agosti 1993, inatoka albamu ya pili, Last Splash, yenye "Cannonball". Marekani peke yake ilivuka nakala milioni moja. Wakati huo hakuna albamu ya Pixies iliyokuwa imefika huko nchini mwao. Wa pembeni ni nani hapo?

Kwenye albamu hiyo ndiye Kelley anayeongoza kuimba "I Just Wanna Get Along". Kwenye "S.O.S." kuna cherehani yake, ndiyo, cherehani ya kushonea nguo, imerekodiwa na kupitishwa kwenye amplifaya ya gitaa. Na gitaa la "S.O.S." ndilo kundi la The Prodigy walilolichukua kutengenezea "Firestarter" mwaka 1996, ndiyo maana jina la Kim Deal limo kati ya watunzi. Wangapi humu mmeruka na "Firestarter" bila kujua? Siwalaumu. Namlaumu anayelipwa kutueleza na hatuelezi.

Sasa hili la unga. Ni kweli, mwishoni mwa 1994 Kelley alikamatwa kwa kifurushi cha heroini kilichotumwa nyumbani kwake, akapelekwa kutibiwa Minnesota. Hakuna anayeficha, yeye mwenyewe hajaficha. Lakini mtangazaji wa Dar es Salaam anasema "akawa teja" kisha anaweka nukta, kama vile mtu amekufa! Dar hii hii, ambayo tangu 2011 Muhimbili wanatoa methadoni, dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini, na kila mmoja wetu anamjua mtoto wa jirani aliyesimama tena. Kelley alisimama. Mwaka 1996 alitoa albamu na bendi yake, The Kelley Deal 6000. Kim naye hakukaa kumlilia, alianzisha The Amps na kutoa Pacer mwaka 1995 wakati dada yake yuko kwenye matibabu. Kisha pacha hawa wakarudiana, kwa jina lile lile la usichana wao.

"Wakaishia hapo." Hesabuni albamu za The Breeders zilizofuata: Title TK, 2002. Mountain Battles, 2008. All Nerve, 2018, na hiyo ya mwisho ilirekodiwa na wale wanne wa Last Splash, pamoja na Jim Macpherson kwenye ngoma, ambao walikutana tena mwaka 2013 kuipiga albamu yao kwa kutimiza miaka ishirini. Mwaka huo huo Kim akaondoka Pixies. Ona basi alichokiacha na alichokichagua.

Na mnaouliza mbona albamu zinachukua miaka kumi, wavivu hawa? Mama yao aliugua Alzheimer, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Kim alirudi Dayton kumwuguza. Sisi tunaojisifu kwa kutunza wazazi ndio tungekuwa wa kwanza kuelewa, lakini tukisikia ni mwanamuziki wa roki tunasema kapotea.

Mwaka 2024 mwimbaji Olivia Rodrigo aliwaita wamtangulie kwenye maonyesho yake New York na Los Angeles. Msichana huyo amezaliwa 2003, miaka kumi baada ya Last Splash. Hakuna aliyemlazimisha. Mwaka huo huo, Novemba, Kim akatoa albamu yake binafsi ya kwanza, akiwa na miaka 63.

Mods, naomba ule uzi wa zamani wenye kichwa cha "mradi wa dada wa Pixies" ubadilishwe kichwa. Na wewe mtangazaji, najua unapita humu kuokota mada: Jumamosi hii piga Last Splash kuanzia "New Year", usiongee mpaka besi ya "Cannonball" imekaa sawa. Redio yangu itakuwa wazi saa tatu kamili.