Jigi ya kukata mfupa: ni mali ya kampuni au ni mkono wa daktari?

Mwanzilishi wa mada (nesi wa thieta, Kisumu)

Hamjambo wote. Nina swali ambalo limenikaa rohoni tangu mwaka juzi, naomba tulijadili bila matusi.

Goti likishalika kabisa na daktari akaamua kuweka la bandia, hakati mfupa kwa kukisia. Kuna kipande cha chuma kinachoenea kiganjani, kina mwanya mwembamba na matundu ya pini. Fimbo ndefu inaingizwa ndani ya mfupa wa paja, kile kipande kinashikizwa juu yake kwa pembe ya nyuzi tano, sita au saba, pini zinagongwa, fimbo inatolewa, kisha bledi ya msumeno inapita kwenye ule mwanya. Mimi huwa pembeni nadondosha maji ya chumvi pole pole, kwa sababu mfupa ukikaa kwenye joto la nyuzi 47 kwa dakika moja tu, unaanza kufa. Sisi kile kipande tunakiita jigi, kama mafundi wa milango wanavyoita yao.

Hiyo jigi si yetu. Inakuja na seti nzima kutoka Nairobi, na operesheni ikiisha tunaiosha, tunaihesabu, inarudi. Siku moja mwaka juzi haikufika. Mama mmoja alikuwa amefunga kula tangu usiku, ameshavalishwa gauni, anaomba Mungu kwa sauti ndogo pale kwenye korido. Nilimrudisha wodini mimi mwenyewe. Alikaa wiki tatu zaidi na lile goti. Nilipomuuliza mwakilishi wa kampuni kwa nini tusichongewe nyingine hapa Kisumu, alinijibu maneno matatu: "Sista, ina hataza."

Hataza, yaani patenti: haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasitengeneze wala kuuza alichobuni. Kwa hiyo nauliza: chombo cha kumwonyesha daktari pa kukata mfupa kinafaa kupewa hataza? Mimi naona kinachodaiwa hapo ni ujuzi wa daktari uliovalishwa chuma. Nyuzi sita haziwezi kuwa mali ya mtu.

Wakili, Milimani

Sista, pole kwa ya yule mama. Kisheria jibu liko wazi kuliko unavyodhani, ingawa halitakufurahisha lote.

Sheria yetu ya Mali ya Viwanda ya 2001, kifungu cha 21, inasema njia za kutibu mwili wa binadamu au mnyama kwa upasuaji au kwa tiba, pamoja na njia za kutambua ugonjwa, hazihesabiwi kuwa uvumbuzi. Hapo uko sawa. Lakini sentensi hiyo hiyo inaendelea: isipokuwa bidhaa zinazotumika katika njia hizo. Namna ya kukata haipewi hataza. Chuma cha kukatia kinaweza kupewa, mradi kiwe kipya, kiwe na hatua ya kivumbuzi ambayo fundi wa kawaida wa fani hiyo asingeiona mara moja, na kiweze kutengenezwa kiwandani. Kikipewa, ni miaka 20 tangu siku ombi lilipowasilishwa. Ulaya nao wamefuata njia hii katika kifungu cha 53(c) cha mkataba wao wa hataza, na mkataba wa TRIPS, ule wa biashara ya dunia kuhusu mali ya ubunifu, unaziruhusu nchi wanachama kukataa hataza za njia za upasuaji.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lingekusaidia siku ile. Hataza ina mipaka ya nchi. Mtu akikwambia "ina hataza", muulize ni ya wapi na ni namba ngapi. Kama haikuombwa KIPI, taasisi yetu ya mali ya viwanda pale Nairobi, wala ARIPO, shirika la hataza la nchi kadhaa za Afrika kule Harare, ikaitaja Kenya, basi hapa haina nguvu. Hataza ya Marekani pekee haimzuii fundi wa jua kali pale Kamas kuchonga na kuuza Kisumu.

Na hata kama ipo Kenya, kifungu cha 72 kinaruhusu kuomba leseni ya lazima, yaani ruhusa ya kutengeneza hata mwenye hataza asipotaka, ikiwa soko la hapa halipati bidhaa kwa masharti ya haki, baada ya miaka minne tangu ombi au mitatu tangu hataza kutolewa, ule muda unaokwisha mwisho.

Daktari wa mifupa

Wakili umeongea vizuri, lakini huo mstari kati ya njia na bidhaa ukiwa ndani ya thieta hauonekani kirahisi hivyo.

Kule Marekani daktari wa macho aitwaye Samuel Pallin alipewa hataza ya namna ya kupasua jicho wakati wa kutoa mtoto wa jicho, ili jeraha lijifunge bila kushonwa. Akamshtaki daktari mwenzake wa Vermont, Jack Singer, aliyekuwa akipasua hivyo hivyo. Madaktari waliwaka. Mwaka 1996 Pallin alishindwa, na mwaka huo huo Bunge lao likapitisha sheria kwamba daktari hadaiwi fidia kwa tendo la tiba. Isipokuwa, ikasema sheria, pale anapotumia kifaa chenye hataza kwa kuvunja hataza hiyo. Basi anayetaka kulinda mkato, anautafutia kifaa.

Na jigi zenyewe zimebadilika. Ile ya Sista ni ya chuma na humfaa kila mgonjwa. Siku hizi kuna ya mtu mmoja: mguu unapigwa picha za skani, programu inachora mfupa, daktari anakubali mpango wa kukata, kisha mashine inachapa jigi ya nailoni inayokaa juu ya mfupa wa huyo mgonjwa kama kofia juu ya kichwa chake. Ikishatumika inatupwa. Mwaka 2016 kampuni ya ConforMIS iliwashtaki Smith & Nephew kuhusu vifaa vya aina hii, na mwaka 2018 Smith & Nephew wakakubali kulipa dola milioni 10.5 kumaliza kesi. Kwa hiyo si jambo la kinadharia.

Swali langu kwa Wakili ni hili. Umbo la ndani la hiyo jigi limetoka kwenye mfupa wa mgonjwa. Pembe ya mwanya nimeichagua mimi kwa kumtazama anavyosimama na anavyotembea. Ukiondoa mgonjwa na ukiniondoa mimi, mvumbuzi amebaki na nini?

Ndugu wa mgonjwa, Kakamega

Nimesoma yote. Kaka yangu aligongwa akiwa kwa boda. Wakubwa wangu, hayo ya umbo na pembe jadilini, lakini mtu aliyelala na mguu umefungwa kwenye uzani hajui kama anasubiri chuma au anasubiri karatasi. Hakuna aliyetueleza. Tungeambiwa tu ukweli.

Fundi, Kamas

Nimeona tukitajwa hapa kama watu wa kunakili tu, ikabidi niandike.

Nilitengeneza mashine ya kubangua njugu, ya mkono, yenye ungo wa kubadilisha kulingana na ukubwa wa njugu. Huo ungo niliufikiria miaka miwili. Nikaupeleka maonyesho ya kilimo Mamboleo. Watu walipiga picha, wakaniuliza maswali, nikajibu yote kwa moyo safi. Msimu uliofuata mteja wangu akaniletea mashine ile ile nimrekebishie, imetoka karakana nyingine kubwa, ina rangi nzuri kuliko yangu. Sikuwa na karatasi yoyote. Sasa Sista ukisema hataza ziondolewe kwenye vyombo, unanitetea mimi au unaitetea ile karakana?

Halafu kuhusu kuchonga jigi yenu. Daktari mmoja aliwahi kuniletea moja iliyochakaa nione. Nilipima ule mwanya kwa vena, kile kipimo chetu cha vitu vyembamba: milimita moja na kidogo. Ukiupanua unene wa karatasi mbili tu, bledi inacheza na mkato unapinda. Na chuma chenyewe si kile cha masinki. Kikiwa laini, bledi inakula kuta za mwanya, na ule unga wa chuma unaingia kwenye mfupa wa mtu. Kwa grinda na msumeno wa mkono sifanyi, nitakuwa nadanganya. Nikipata mashine ya kukata chuma kwa kompyuta na chuma chenye cheti, nafanya. Kwa hiyo si hataza peke yake iliyomrudisha yule mama wodini.

Daktari wa mifupa

Fundi, asante sana. Naongeza tu: hata jigi isiyo na hataza, kabla ya kumgusa mgonjwa inapaswa kupita kwa Bodi ya Dawa na Sumu, na istahimili mvuke wa nyuzi 134 kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwenye vifaa, mara nyingi bila kupinda. Hataza haithibitishi kwamba kitu ni salama, na kukosa hataza si ruhusa ya kukitumia.

Wakili, Milimani

Fundi, ungekuja ofisini mapema. Sheria ile ile ina cheti cha uvumbuzi mdogo, cha miaka 10, ambacho hakidai hatua ya kivumbuzi: kitu kiwe kipya na kitengenezeke. Ungo wako ulikuwa wa kuombewa hicho. Na ukiwa umekionyesha mwenyewe, bado una miezi 12 ya kuomba hataza kabla maonyesho yako hayajageuka kuwa ushahidi dhidi yako. Picha ya WhatsApp pia ni kuonyesha. Tafadhali waambie wenzako.

Daktari, umeuliza mvumbuzi abaki na nini. Abaki na namna ya kutengeneza: jinsi programu inavyogeuza skani kuwa uso unaoshika mfupa bila kuteleza, au kipande kinachozuia bledi kugusa nyama. Hiyo ni kazi ya kiufundi ya kweli. Ombi likisema "jigi yenye mwanya wa kumwezesha daktari akate hivi, halafu vile, halafu hivi", mimi ningelipinga, maana hapo ndipo njia ya upasuaji inapojificha ndani ya bidhaa.

Mwanzilishi wa mada

Nimekaa na majibu yenu siku mbili. Fundi, umenibadilisha. Nilikuja hapa nikitaka hataza ziondolewe kabisa kwenye vyombo vya upasuaji, na sitaki tena, kwa sababu anayebuni kwa mikono yake hapa kwetu ndiye wa kwanza kuibiwa.

Lakini sijahama pote. Chuma kipewe hataza kwa kile kilichobuniwa ndani ya chuma. Pembe isipewe, mpangilio wa mikato usipewe. Na umbo la mfupa wa mgonjwa lisihesabiwe kuwa uvumbuzi wa mtu yeyote, kwa sababu mama yule alizaliwa nalo. Hapa siafikiani na mtu atakayesema ni hesabu za biashara tu.

Na jigi inaweza kuwafikia watu kwa njia nyingine, tumeshaona. Kuna shirika la SIGN, lililoanzishwa mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle kule Richland, jimbo la Washington. Wanatoa msumari wa kuunga mfupa wa paja au wa muundi pamoja na mkono wa kulengea unaokaa nje ya mguu. Huo mkono unamwonyesha daktari matundu ya msumari yaliko ndani ya mfupa bila mashine ya eksirei kuwaka muda wote. Ni jigi kama hizi zetu. Hospitali haziuziwi, zinatuma ripoti na picha za wagonjwa waliotibiwa, ndipo zinaongezewa misumari. Majeruhi wa boda hapa Kenya wamesimama tena kwa msaada huo. Nataka kuona goti nalo likifikiriwa hivyo.

Ndugu wa Kakamega, umesema kweli kuhusu kuambiwa. Sikumweleza yule mama sababu. Nilimwambia "kuna shida kidogo", nikaondoka. Hilo ni langu.

Jumatatu seti nyingine inakuja, na mwakilishi atakuwepo. Nimeandika maswali mawili nyuma ya fomu ya kuhesabia vifaa: namba ya hataza, na nchi iliyoitoa. Akinijibu nitaleta hapa, Wakili aitafute.