Malkia Mkuu (III) katoka kichwa chini kwenye swali la mradi: asomwe vipi?

Mwanagenzi78: Wadau, naomba msaada. Natumia Tarot, karata 78 za kupigia ramli; seti ni ile ya Waite na mchoraji Pamela Colman Smith, iliyotoka London mwaka 1909. Muulizaji ameulea mradi wake kwa miaka miwili, anataka kujua kama awakabidhi wenzake au aendelee kuushika mwenyewe. Karata tatu zilizotoka: Kumi ya Fimbo, Malkia Mkuu kichwa chini, Nne ya Sarafu. Kijitabu kinachokuja na seti kinasema Malkia Mkuu ni "mama, mimba, neema", na akipinduka ni "utasa". Hapo nimekwama. Halafu kuna malkia wa yale makundi manne ya karata (Fimbo, Vikombe, Panga, Sarafu), na wa Vikombe na wa Sarafu nao huitwa walezi. Nawatenganishaje?

Zuhura_wa_Tatu: Weka kijitabu pembeni kwanza, uiweke karata yenyewe wima mbele yako. Anza miguuni: kuna ngano inayoiva, bado haijavunwa. Nyuma yake kuna msitu na maji yanayoporomoka. Amekaa juu ya mito laini, hakuna kiti kigumu cha mawe kama cha Kaisari wa karata IV. Taji lina nyota 12, hesabu ya buruji na ya miezi, kwa hiyo malezi yake yanakwenda kwa majira. Huwezi kuyaharakisha.

Sasa tazama ngao. Ina umbo la moyo na alama ya Zuhura, nayo imeegemezwa chini. Mkono umeshika fimbo ya enzi tu. Ulinzi upo karibu, ila hauzuii mtu kumfikia. Wengi huiruka alama hii, na mimi naiona ndiyo ufunguo wa karata nzima: analea bila kuziba njia.

Vazi lake lina makomamanga. Kwenye karata II, Kuhani wa Kike, makomamanga hayo yako kwenye pazia nyuma yake, yanaficha. Kwa huyu yamehamia mwilini, yako wazi. Na komamanga halina utamu mtupu. Katika hadithi ya Wagiriki, Persephone alikula punje zake kuzimu, ikabidi arudi huko sehemu ya kila mwaka, na mama yake Demeter akaiacha ardhi ikauke kwa majonzi. Mlezi huyu, basi, amebeba pia uchungu wa kumwachilia anayemlea.

Akipinduka, usikimbilie utasa. Jiulize mambo matatu: kilichozuiwa ni nini, kilichozidi ni nini, na mlezi mwenyewe anakula nini? Jirani zake, yaani karata zilizo kando yake, ndio watakaokuonyesha lipi linahusika.

Mchanga_Karata: Naongeza hapo kwenye ngao. Katika seti za Marseille, mtindo wa zamani wa Tarot wa Ufaransa, hakuna ngano wala maporomoko. Malkia Mkuu ameikumbatia ngao yenye tai, na juu ya fimbo yake kuna tufe lenye msalaba. Huyo ni mtawala kabla ya kuwa mama. Anayetumia Marseille asibebe maana za shambani akazibandika pale. Soma kilichochorwa.

Komamanga: Kuhusu malkia wengine: watoe wote wanne, uwapange mstari mmoja chini ya karata III, kisha angalia macho na mikono. Malkia wa Vikombe anakazia macho kikombe chenye kifuniko, huyo analea hisia, na mara nyingi ni zile zisizosemwa. Malkia wa Sarafu ameinamia sarafu mapajani, ana sungura karibu na waridi juu yake, analea nyumba, mwili na riziki. Hawa ni watu, au tabia ya mtu. Malkia Mkuu yumo kwenye zile karata kuu 22, zilizo nje ya makundi manne, na hatazami alichokishika, anakutazama wewe. Msome kama nguvu inayopita ndani ya jambo lote, na usianze kwa kumtafuta shangazi wa muulizaji.

Jambo moja nalisisitiza: usimtangazie mtu mimba kwa karata hii. Mimba hujulikana kwa kipimo, na neno lako linaweza kumwumiza anayeitamani au anayeiogopa.

Mwanagenzi78: Asanteni sana. Kwa hiyo kwenye mtandazo wangu (karata tatu nilizozipanga), jirani ni Kumi ya Fimbo na Nne ya Sarafu. Nisome kilichozidi?

Zuhura_wa_Tatu: Ndiyo, na kilichopungua pia. Kumi ya Fimbo ni mtu aliyeinama, mzigo umemziba uso, haoni mbele. Nne ya Sarafu ana moja kichwani, moja kaikumbatia kifuani, mbili kazikanyaga. Hawezi kusogea bila kuzidondosha. Katikati yao mlezi amepinduka: amechoka kwa kubeba, na uchovu huo umegeuka kuwa kubana. Mwambie muulizaji hivyo, kisha muulize ni sehemu gani ya mradi imeshaiva. Aikabidhi hiyo kwanza, iliyo mbichi abaki nayo. Kama anataka karata ya nne, changa upya zilizobaki 75, ufunue moja tu, na swali liwe "niachie nini?", lisiwe "niachie au nisiachie?" Swali la ndiyo au hapana litakurudisha kwenye kijitabu.