Naomba ushauri: cheni ya taimingi ya Peugeot 504

Habari zenu wakuu. Niko Nakuru na nina 504 pikapu ya marehemu baba, injini ya petroli, ujazo wa cc 1971. Asubuhi ikiwaka, mbele ya injini kunasikika kelele kama mnyororo unaokwaruza bati, kisha kelele inapungua presha ya oili ikipanda. Fundi alifungua kifuniko, tukaona cheni imelegea hadi ukiisukuma kwa kidole inacheza, na meno ya gia ndogo ya krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) yamechongoka.

Mafundi wa jua kali hapa wananiambia nitoe viungo viwili vya cheni niifupishe. Mimi nimekataa kabisa. Cheni hiyo ndiyo inayopangia vali na pistoni zifanye kazi kwa wakati mmoja. Ikikatika barabarani nitazika injini.

Nimeuliza Kisumu bila bahati, na Kirinyaga Road, Nairobi, nilipewa cheni ya zamani iliyooshwa tu.

Nani anajua pa kupata seti nzima, cheni, gia zote mbili na tenshona (kifaa cha kukaza cheni)? Na kwa aliyewahi kuifunga: baada ya kulinganisha alama za taimingi kwenye gia, mnazungusha krenki kwa mkono mara ngapi kabla ya kuwasha? Gari hili lilitusomesha sote, jamani. Nisaidieni.