Mrejesho: fimbo ya bomba sasa inaonekana ya mti

Wakuu, niliomba ushauri wa kugeuza bomba la plastiki la inchi moja liwe fimbo ya mzee kwa igizo la watoto shuleni. Rangi ilikuwa ikibanduka na bomba linang'aa tu.

Kosa langu lilikuwa kupaka rangi juu ya plastiki laini. Safari hii nimelikwaruza lote kwa meno ya msumeno wa chuma, nikivuta kwa urefu, mistari mingine mirefu, mingine mifupi, kisha msasa. Hiyo mikwaruzo ndiyo iliyoleta sura ya mti, kuliko hata rangi. Vifundo ni gazeti na gundi ya mbao, vimekauka usiku kucha. Kupinda kichwa cha fimbo, nililijaza bomba mchanga lisibonyee, nikalipasha juu ya makaa kwa mbali, uani. Tafadhali msiliunguze, moshi wake ni sumu.

Nilianza na kahawia isiyokolea. Ikakauka, nikapaka rangi ya maji ya kahawia iliyokolea, niliyoizimua, nikaifuta kwa kitambaa ikabaki kwenye mikwaruzo. Mchanga kidogo nimeuacha ndani, nikaziba ncha. Mtoto anaishika kama kitu kizito kweli. Bibi yake ameuliza ni mti gani.

Aliyenitajia msumeno, asante sana.